Galoni Sabini na Tano kwa Siku

Kuna watu wakiaibika huhama. Mimi sikuhama, kwa sababu nilikuwa nimeshalipa kodi ya mwezi, na siwezi kumwachia mwenye nyumba wiki tatu za bure eti kwa vile wapangaji wa ploti nzima wananicheka. Kwa hivyo niko papa hapa Ruiru, na kwa kuwa kisa hiki kimeshasimuliwa vibaya na watu ambao hata hawakuwepo, afadhali nikiseme mwenyewe.

Binti yangu Njeri amechumbiwa na kijana wa Makongeni kule Thika, anaitwa Mwangi. Kijana sina neno naye. Mama yake ndiye alinikaa rohoni, tena bila ubaya wowote: siku ya kwanza tulipokutana aliniambia kwa upole kabisa kwamba akija Ruiru hubeba maji yake ya kunywa, kwa sababu haya yetu ya kisima yana chumvi na yanawaharibu watoto meno. (Nilikuwa nikicheka wakati huo. Nilifunga mdomo. Mimi nimekulia hapa, na meno yangu ni ushahidi.)

Sasa akatuma habari kwamba Jumamosi atakuja na dada yake kunitembelea, waone Njeri anatoka nyumba gani. Njeri akaniambia, "Mami, tafadhali, nunua tu maji ya chupa." Nikamwambia hata kwa dawa. Nilitaka kitu kimoja tu: Mama Mwangi akae kwa sofa yangu, anywe glasi nzima ya maji ya bomba langu, aseme asante.

Ndiyo nikaenda Thika kununua mashine ya kusafisha maji, ile yenye vichujio vitatu na membreni, yaani ngozi nyembamba iliyoviringishwa ndani ya mrija, maji yanapenyezwa humo na chumvi inabaki nje. Kwenye membreni kulikuwa kumeandikwa galoni sabini na tano kwa siku. Nikapiga hesabu kwa simu, nikairudia, ikatoka karibu lita mia tatu. Kwa wageni wawili! Hata wangekuja na mbuzi wote wa ruracio, yaani wa mahari, tungewanywesha na tubaki na ya kuoga.

Kijana wa duka alipokataa kushusha bei tena, nilifanya kile ninachofanya hata nikinunua kitanda: nikaanza kutoa vitu.

"Hii nyeusi hapa chini ni ya nini?"

"Hiyo ni pampu, mathe. Membreni inataka presha."

"Presha niko nayo, hata daktari ameandika. Toa."

"Mathe, bila pampu haiwezi kukupea hizo galoni."

"Kwani galoni zimeandikwa kwa pampu ama kwa membreni?"

"Kwa membreni, lakini..."

"Basi toa."

Akatoa, akapunguza bei, akanifungia mashine kwa gazeti huku akitikisa kichwa. Mimi nilitoka pale nikijisikia kama mtu aliyeibia benki mchana.

Alhamisi jioni niliifunga mwenyewe jikoni (fundi wa nini, si ni mipira na bomba tu?) nikaiweka juu ya kiti cha plastiki, nikatega jagi, nikafungua. Ikatoa tone. Nikasimama. Nikaenda kukata sukuma wiki, nikarudi, likaja tone lingine, likaning'inia pale kwenye mdomo wa mrija kama linafikiria. Asubuhi jagi lilikuwa na kikombe kimoja.

Nikampigia yule kijana simu kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. Akanieleza polepole kwamba zile galoni hupimwa kwa maji ya vuguvugu yanayosukumwa kwa nguvu, na mimi maji yangu yanashuka yenyewe kutoka tangi la ploti, na huu ni mwezi wa saba. "Mathe, maji yako hayana nguvu, halafu ni ya baridi."

Katika maneno yote hayo nilichagua lile lisilo na gharama: baridi. Nikachukua shuka la Kimaasai nikaifunika mashine vizuri hadi shingoni, nikaisukumia na chupa ya maji moto ubavuni. Ikaongeza matone, sikatai. Kufikia Ijumaa jioni tulikuwa tunaelekea glasi mbili.

Hapo ningetulia ningekuwa na heshima yangu mpaka leo. Lakini hii mashine ina mrija wa pili wa kutoa yale maji ya chumvi yaliyokataliwa, ambao niliupitisha dirishani hadi kwa mtaro wa nyuma, na kwenye huo mrija kuna kidude kidogo kama kifuniko cha kalamu. Kazi yake, nimeambiwa sasa, ni kubana maji yasitoroke, ili yakae ndani yasukume membreni. Mimi nilikiona kinabana, nikasema kumbe adui ni wewe. Nikakitoa. Papo hapo maji yakaanza kwenda, nikayasikia mwenyewe, fyuuu, na badala ya kujiuliza yanaenda wapi nikalala usingizi wa mtu aliyelipwa.

Jumamosi wageni wakafika saa sita, Mama Mwangi amevaa suti ya kanisani, na dada yake, Tata Wanja kama Mwangi anavyomwita, mama wa maombi mwenye sauti ya kujaza ukumbi. Nikasema, "Karibuni, kabla ya chai nitawaletea maji." Mama Mwangi akashika mkoba wake uliokuwa na chupa yake ya maji. Nikamwambia, "Hapana mkwe wangu, leo utakunywa ya kwangu."

Tata Wanja, kwa adabu, akanifuata jikoni kunisaidia. Akasimama mlangoni. Aliona kiti, akaona shuka, akaona chupa ya maji moto, akaona mrija unatokea chini ya shuka ukidondosha kwa jagi.

"Ngai! Mama Njeri, mbona hukutuambia una mgonjwa?"

Kabla sijajibu alikuwa ameshaweka mkono juu ya shuka na kufumba macho. "Baba, mguse huyu mja wako, mfungulie njia..." Nifanye nini? Kumkatiza mtu akiomba ni makosa. Nikafumba macho, nikasema amina mara mbili, maana kati yangu na hiyo mashine mimi ndiye nilikuwa na uhitaji.

Amina ya pili haikuisha kabla ya kelele kuanza nje. Jumamosi ploti yetu hufua. Nyambura wa mlango wa tatu alikuwa amesimama uani na povu hadi kwenye viwiko akiita, "Maji yameenda wapi na yaliletwa jana?" Mzee Karanja, msimamizi wa ploti, akapanda juu akagonga tangi, likalia kama ngoma. Akashuka. Akaona mtaro wa nyuma umelowa, akaufuata, akafika dirishani kwangu, akaona mrija. Wakaingia wote, na mabeseni.

Mzee Karanja akafunua shuka taratibu, vile polisi hufunua.

"Huyu ndiye amemaliza tangi."

Tata Wanja akaondoa mkono.

Nikaanza kueleza habari ya galoni, nikajisikia nikisema "sabini na tano" mbele ya mwanamke mwenye sabuni inayomkaukia mikononi. Njeri alikuwa ameangalia ukuta. Mama Mwangi akaja akachungulia jagi.

"Tangi lote limetoa hayo?"

"Ni hayo tu, mkwe."

"Lete."

Nikammiminia glasi. Akanywa wima, mbele ya ploti yote, mpaka chini, akapangusa mdomo.

"Asante. Ni matamu, sitadanganya. Lakini mkwe, tangi zima kwa glasi mbili? Nikija kulala hapa siku mbili, Ruiru itabaki na nini?"

Hata Mzee Karanja alicheka, na yeye hacheki ovyo. Nikaagiza mkokoteni wa maji uletwe kwa gharama yangu, na mwenye mkokoteni alipotaja bei nililipa bila kufungua mdomo, jambo ambalo watu wa hapa walilishangaa kuliko yote. Mama Mwangi akavua koti la suti akamsaidia Nyambura kusuuza. Harusi ipo, nashukuru.

Nimeapa. Bei nitaendelea kuipigania mpaka niingie kaburini, lakini sitatoa kitu kwa kitu kingine kabla ya kuuliza kinafanya kazi gani, na nisikilize jibu lote, si neno moja. Ploti imenisamehe, nusu. Ila bomba likipunguza kasi hata kidogo, hata kama ni kampuni ya kisima imefunga maji mtaa mzima, lazima mtu abishe kwangu: "Mama Njeri, leo uko na mgeni?"