Wivu ulinijengesha baiskeli, halafu baba akataka nimpe ndugu yangu

Wakuu, niaje.

Hii stori ni yangu mwenyewe, si ya "rafiki yangu mmoja". Sijaitia chumvi. Mwenye haraka apitie uzi mwingine, mimi nitaandika pole pole vile ilivyokuwa.

Kwetu ni Tongaren, kule Bungoma, mahindi mpaka mlangoni. Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kidogo, pikipiki hazijajaa. Mwenye baiskeli alikuwa mtu.

Nyumbani mimi ndiye nilikuwa nakamua ng'ombe. Alfajiri, umande mpaka magotini, mimi Nasimiyu niko chini ya ng'ombe. Wekesa, ndugu yangu anayenifuata, bado anakoroma.

Siku moja baba akaenda Kitale kuuza mahindi. Akarudi na baiskeli mpya, nyeusi, bado imefungwa karatasi kwa bomba la fremu. Nikadhani ni ya nyumba nzima.

"Wekesa, hii ni yako. Utakuwa unapeleka maziwa senta."

Wakuu, roho iliniuma mpaka nikaenda kusimama nyuma ya jikoni. Si mimi ndiye mkubwa? Si mimi ndiye nakamua? Baadaye nikamuuliza, "Baba, na mimi?" Akacheka, tena si kwa ubaya.

"Wewe utaolewa, mama. Baiskeli utaikuta huko."

Kuanzia hapo Wekesa akawa mtu wa kuringa. Anaoga, anajipaka mafuta, anafunga mtungi kwa keria ya nyuma na mpira wa blada, halafu anapiga kengele na barabarani hakuna hata kuku. Watu wa hoteli kule senta, pale madukani, wakaanza kuuliza, "Maziwa ya Wekesa imefika?"

Maziwa ya Wekesa! Mtu ambaye hajui hata ng'ombe gani anapiga teke! Nilikuwa nikisikia hiyo kengele ikirudi, chai inanikwama kooni.

Kuna mtu hapa atasema ati ni ndugu yako, ungefurahi naye. Nilijaribu, bana. Ilikataa kuingia.

Baada ya mavuno, aunty, dadake baba, akaomba niende Kitale nimsaidie kuuza mitumba. Nikaenda mbio. Kando ya kibanda chake kulikuwa na fundi wa baiskeli, mzee Barasa, mtu wa Matulo. Huyu mzee "l" na "r" kwake zilikuwa zinabadilishana viti.

"Nasimiyu, reta spana."

Nilianza kwa kuangalia tu. Nikaingia kwa kuziba pancha. Baadaye akaniachia spoki nipange. Siku moja akaniuliza, "Wewe unataka kuwa fundi?"

"Nataka baiskeli."

"Ya nani?"

"Yangu. Na iwe nzuri kushinda ya mtu fulani."

Akaniangalia, akatingisha kichwa. "Wivu huo. Basi hutarara mpaka hiyo baiskeri iishe."

Na kweli. Kila nilichopata kwa aunty kiliishia kwa spea. Fremu niliitoa kwa watu wa vyuma kuukuu, imechomelewa shingoni. Rimu mbili, kila moja na kabila lake. Mpya ilikuwa cheni na gololi peke yake. Nilizitoa kwa duka la mzee mmoja Mhindi wa kilemba, ambaye kila nikiingia aliniuliza mbona bwana yangu haji mwenyewe.

Kupiga spoki ndiyo kulinitoa machozi. Unapanga, unazungusha rimu, inacheza kama mlevi. Unapangua. Unapanga tena. Nikichoka nilikuwa namkumbuka Wekesa na kengele yake, nguvu zinarudi.

Sasa siku ya kufunga gololi, mzee Barasa alikuwa ameenda matanga kwao Matulo. Grisi sina. Subira pia sina. Aunty alikuwa na mkebe wa mafuta ya kupikia, ile nyeupe ya kuganda.

Nikasema mafuta ni mafuta. Nikapaka gololi zote, mbele, nyuma, mpaka za pedali. Ikazunguka laini kabisa. Nilijipongeza.

Wale mnajua baridi ya Kitale ya asubuhi mmeshaanza kucheka. Nilipoamka mafuta yalikuwa yameganda kama mshumaa. Pedali hazisongi. Na sisimizi wamepiga laini kutoka ukutani mpaka kwa magurudumu, wanaingia na kutoka.

Aunty akasimama hapo na kikombe mkononi. "Nasimiyu, hii baiskeli ulijenga ama ulikaanga?"

Barasa aliporudi alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akanifanya nifungue kila kitu, nioshe na mafuta ya taa, nirudishe moja moja na grisi ya ukweli. Hakunisaidia hata kidogo. Leo namshukuru, siku hiyo nilimnunia.

Nilipoiendesha kutoka Kitale mpaka nyumbani nilikuwa nimevaa suruali ndani ya rinda. Kina mama walisimamisha majembe. "Msichana juu ya bomba! Wewe ni wa nani?" Nikawa najibu kwa kengele.

Wekesa akaja, akaizunguka. Akashika hendo, ule usukani. Akaangalia chini, akaona vile magurudumu yamenyooka. "Rangi si mbaya," akasema. Wakuu, nilimwona usoni. Ilimuuma! Siku hiyo nililala kama mtoto aliyeshiba.

Nikajitafutia mteja wangu, shule moja ya bweni iliyokuwa inataka maziwa ya jioni. Asubuhi yake, jioni yangu. Kwa mara ya kwanza nilikuwa napeleka maziwa niliyokamua mwenyewe, na mpishi wa shule anajua jina langu.

Halafu Wekesa akabeba rafiki yake wakashuka mteremko wa mtoni bila breki. Yeye alichunika goti tu. Baiskeli yake ilikunjika mpaka unashindwa kujua mbele ni wapi.

Tukila ugali, baba akasema bila hata kuinua macho, "Nasimiyu, kesho mpe ndugu yako baiskeli. Mwanaume ndiye anazunguka."

Mama akaangalia sahani. Wekesa naye, huyo huyo, akaongeza mboga. Hakusema hata "hapana baba".

 Kwetu baba akisema, hujibizani naye mezani. Nikasema, "Sawa, baba."

Asubuhi nikakamua kama kawaida. Nikatandaza gunia uani, nikachukua spana. Nikatoa magurudumu. Nikatoa cheni, pedali, hendo. Nikafungua spoki zote. Nikafungua mpaka gololi, nikazifunga kwa kitambaa. Nikatia kila kitu ndani ya gunia, nikaliburuta mpaka mlango wa simba ya Wekesa, ile nyumba yake ya ujana.

"Baba, nimempa."

Baba alisimama pale, macho mekundu. Nilijua nachapwa, na ukubwa wangu wote. Akageuka, akaenda shambani.

Wekesa alijaribu. Aliita marafiki, wakabishana, wakatoa rimu yenye umbo la yai. Gololi zikamwagika kwa nyasi. Wakati huo wote maziwa ilikuwa inaenda senta juu ya kichwa changu, na shule jioni vilevile. Shingo iliniuma, nikaendelea kubeba.

Jioni moja naosha mitungi, nikasikia kitu kinaburutwa. Ni baba na gunia. Akaliweka chini.

"Nasimiyu."

"Baba."

"Jenga baiskeli yako."

Yako. Nilikuwa nimepanga maneno makali ya siku hiyo, badala yake nikachukua spana.  Baba akavuta kigoda, akakaa. Akawa anatoa gololi alizookota kwa nyasi, anazipangusa moja moja kwa shati lake la kanisa, ananipatia.

Tukafunga hivyo mpaka gurudumu likazunguka.

Sasa funzo. Watu hukwambia wivu ni mbaya, uutupe. Mimi wangu niliupatia spana. Na kitu ulichojenga mwenyewe, hata wakikunyang'anya, hawachukui kile mikono yako inajua.

Lakini msinione mtakatifu. Mwaka huu Wekesa amenunua pikipiki, inang'aa, na kila akipita hapa kwangu lazima apige honi.

Chai imeanza kunikwama tena. Nimesikia Bungoma mjini kuna jamaa anauza injini kuukuu ya pikipiki. Mwenye anajua inafungwaje aniandikie hapa chini, na wengine mtuambie wivu umewahi kuwajengesha nini.