Mahindi ya Mkubwa Mlangoni

Jumamosi niliwapeleka wageni wangu kwenye ile bustani ya umma nje kidogo ya Kitale, yenye ziwa na nyumba kubwa ya setla, mlowezi wa Kizungu wa enzi za ukoloni. Tunaambiwa imehifadhiwa ili wananchi waione. Tulichoona kwanza ni mahindi. Yalikuwa yameanikwa kwenye maturubai kuanzia ngazi mpaka mlango wa mbele, na askari ameketi kando akifukuza kuku.

“Pitieni nyuma,” akatuambia, akituonyesha kwa kidevu. “Hapa kuna mahindi ya mkubwa.”

Mkubwa ndiye msimamizi wa bustani, anayelipwa kututunzia historia. Tukazunguka.

Mama mmoja mzee kutoka Kamukuywa, aliyefika nyuma yetu na tuliyemwona kupitia mlango wa mbele uliokuwa wazi, hakuzunguka. “Mamangu alikuwa mpishi hapa,” akasema. “Mzungu alimpitisha nyuma mpaka akazeeka. Mimi nimekuja kupita mbele.”

“Si nimekuambia ni ya mkubwa, mama?”

Mama akavua viatu, akavishika mkononi, akaingia katikati ya mahindi akiburuta nyayo polepole, vile sisi sote huku hugeuza mahindi juani.

“Ati unafanya nini?”

“Namsaidia mkubwa wako kugeuza,” akajibu bila kuangalia nyuma, akaingia sebuleni kwa mlango wa mbele.

Humo alitukuta sisi wasomi na simu zetu za kupiga picha, tumeingilia jikoni. Setla alihitaji serikali nzima ya mkoloni kutupitisha huko. Huyu mkubwa wetu amehitaji maturubai mawili tu.