Gogo Bichi la Vizma

Vizma alipiga magoti mbele ya jiko la matofali akalitazama gogo lililomshinda. Nusu lilikuwa ndani, nusu nje, kama mlevi aliyekwama dirishani, likichuruzika povu, na moto wote aliouchochea tangu mchana ulikuwa umegeuka moshi. Macho yanamwasha, magoti yanamuuma, na njegere za kijivu huko juu zimeshaanza kushika chini ya sufuria.

Sasa, mkoani Vidzeme huku, siku ile yenye usiku mrefu kuliko zote huwezi kuikwepa. Unaliburuza gogo, unalizungusha nyumba, mabalaa ya mwaka mzima yanaling'ang'ania, kisha unalitia motoni. Likibaki kipande, na mabalaa yamebaki. Wapo wanaosema hawaamini mambo hayo. Hao ndio wa kwanza kukuuliza, "Limeteketea lote?"

Na Vizma hakuwa anachoma gogo lake peke yake. Alikuwa na blogu, wenyewe wakaiita Benchi la Jikoni, na kwenye benchi hilo walikaa wanawake wa nchi nzima, pamoja na wanaume wawili waliojifanya wanawake hadi wakazoeleka. Kila majira ya baridi walipeana mila za kwao: huyu anaeleza bibi yake alivyonong'oneza miti ya tufaha, yule anaeleza namna ya kumwaga bati lililoyeyuka ndani ya maji ili kusoma bahati, wa tatu anasema wote mnakosea. Wengi wao walikaa kwenye maghorofa ya mjini, hawana jiko la kuni wala pa kuburuzia gogo. Basi wakawa wanamwandikia Vizma balaa zao kwenye maoni, naye kwa kila balaa anafunga fundo moja la uzi wa sufu juu ya gogo lake. Mkwe mkorofi, fundo. Goti, fundo. Mwana asiyepiga simu, fundo. Mwaka huu gogo lilivaa mafundo mpaka likafanana na kondoo.

Fundi wa gogo alikuwa mumewe, Ēvalds. Kila baridi ikielekea kuisha alikata mwaloni, akaliegemeza gogo nyuma ya banda la kuogea, pale bomba la moshi linapotoa joto, likakauka taratibu mpaka Desemba. Mwaka huu baridi ilipokuwa inaisha, Ēvalds aliisha kabla yake. Gogo halikukatwa, na Vizma, aliyekuwa na mengine ya kufikiria, alilikumbuka wiki hii. Akaenda kuokota mti ulioanguka mtaroni, umelowa kama sponji.

Tatizo si mti tu. Tatizo ni kwamba kwenye Benchi la Jikoni Ēvalds alikuwa hajafa.

Siku za mazishi Vizma hakuwa na nguvu ya kuandika. Alipopata nguvu, mtu akamuuliza, "Mzee hajambo?" Vidole vikajibu vyenyewe: "Hajambo, anachonga kijiko." Ukishasema hivyo Jumatatu, Jumanne utasema nini? Basi Ēvalds akaendelea kuchonga. Alichonga masika, akachonga kiangazi, akalalamikia mbu, akapata mafua, akapona. Wiki hii walimuuliza amekata gogo gani, na Vizma akajibu: mwaloni, kama kawaida. Kumpikia Ēvalds alipokuwa hai ilikuwa kazi, maana alichagua chakula. Kumfufua kila wiki kwa maneno ilikuwa kazi zaidi, na Vizma alikuwa amechoka. Alitaka jambo moja tu: jioni hii ipite watu wasijue, kisha afunge benchi kabisa, alale.

Akainuka, akafuta masizi mikononi. Kwenye kompyuta akatafuta picha ya mwaka jana: gogo, kamba, theluji hadi kwenye vifundo vya miguu, mgongo wa Ēvalds ndani ya koti jekundu. Akaiweka. Chini yake akaandika: "Limeteketea lote. Mlale salama."

Maoni yakaingia kabla hajakaa vizuri.

"Asante mama, nimelia," akaandika Biruta wa Ventspils. "Lakini hiyo theluji mmeipata wapi? Huku mvua tu."

"Mie nipo Valmiera, si mbali na kwako," akaandika mwingine. "Nimetoka kununua mkate sasa hivi, tope mpaka magotini."

"Theluji ina ubaguzi," akaandika Aivars, mmoja wa wale wanaume wawili. "Imeanguka kwa Vizma peke yake. Mwambie Ēvalds atuletee ndoo moja."

Vizma akahisi masikio yanapata moto. Nchi nzima inalalamikia Desemba hii isiyo na theluji, redio haina habari nyingine, na yeye amekwenda kuweka theluji! Kisha akatokea Skaidrīte, wa vijiji viwili kutoka hapo, akaandika: "Mwacheni mwenzenu apumzike." Vizma akamshukuru kimoyomoyo, akazima kompyuta, akatia mnyororo mlangoni.

Njegere alizigeuza, akaondoa zilizoungua. Alipokuwa anajipakulia akasikia gari linakohoa uani, kisha mlango unapigwa kwa kitu kizito.

"Nani?"

"Dubu."

"Dubu nenda kwako, mwenye nyumba amelala."

"Mwenye nyumba ametuma theluji ya mwaka jana, hajalala. Fungua, Vizma, humu ndani ya kinyago naiva!"

Aliyevaa kinyago siku hiyo hafukuzwi mlangoni, labda uwe umeamua mwaka mzima ujao uwe wa mkosi. Vizma akatoa mnyororo. Akaingia dubu wa manyoya ya koti kuukuu, na mikononi amebeba kitu kilichozungushiwa blanketi kama mtoto mchanga.

"Umebeba nini?"

"Mwaloni. Mkavu. Nimemwibia mume wangu, alikuwa ameuweka atengenezee kiti." Skaidrīte akavua kichwa cha dubu, nywele zimemganda usoni. Akavuta hewa. "Humu ndani umekausha samaki?"

"Gogo limekataa."

"Naliona. Maskini, linatapika." Akatua mzigo. Akatazama kiti kitupu cha kando ya jiko, akatazama msumari mlangoni lilipokuwa linaning'inia koti jekundu, na koti lenyewe limeota vumbi mabegani. "Vizma. Ēvalds yuko wapi?"

"Banda la kuogea."

"Vizma."

"Anachonga."

"Kijiko gani hicho, bibi wee? Tangu masika anachonga kijiko kimoja, hata cha kumlishia ng'ombe kingekuwa kimekwisha. Theluji nilidhani ni uvivu wako tu. Ila kile kijiko kimenisumbua siku nyingi."

Vizma akakaa. Bakuli la njegere likabaki mkononi.

"Amekufa," akasema.

"Lini?"

"Theluji ya mwisho ilipokuwa inayeyuka. Alikuwa ananoa shoka ili akakate gogo. Akakaa kidogo. Ndiyo hivyo."

"Na kaburini mlikuwa nani na nani?"

"Mimi, kaka yake, na mchimba kaburi."

"Na sisi je?"

"Nyie mlikuwa mnabishana habari za hamira."

"Aliyeanza ni Biruta," Skaidrīte akasema, kwa sauti ndogo.

"Najua."

"Kwa nini hukutuambia, lakini?"

"Nyumba hii alishaondoka. Pale kwenye benchi ndipo alipokuwa amebaki, mnamsalimia, mnamtania. Nikisema, na pale ataondoka." Akajipangusa pua kwa kiganja, masizi yakachora sharubu. "Sasa nimechoka, Skaidrīte. Siwezi tena kumchukua mtu aliyekufa mabegani, na juu yake mkwe wa Biruta."

Dubu akalivuta gogo bichi kutoka jikoni, likaacha mstari wa maji meusi sakafuni, akaanza kufungua mafundo.

"Hili la nani?"

"La Biruta. Mkwe."

"Limenona. Na hili?"

"Aivars. Mgongo."

"Ehe, mgongo ungekuwa mbovu asingeagiza ndoo ya theluji."

Vizma akacheka, akashtuka kusikia kicheko chake mwenyewe. Wakahamisha mafundo yote kwenye mwaloni, mengine yameungua, mengine yanatona. Lilipokwisha la mwisho, Skaidrīte akakata uzi mpya akamnyooshea.

"La kwako."

"Mie huwa sifungi. Mie ni mchomaji."

"Shika."

Vizma akaushika. Uzi ulikuwa wa rangi ya kijivu, uliobaki kwenye soksi za Ēvalds. Alichukua muda mrefu sana kufunga fundo dogo.

Wakatoka na kamba. Jioni ilikuwa bado changa lakini kiza kimeshatanda, mvua inanyunyiza, tope linanyonya viatu. Skaidrīte akavaa tena kichwa cha dubu, maana bila kinyago haifai, akawa haoni mbele, akagonga pipa la maji, akalitukana. Kona ya kwanza walivuta vizuri. Ya pili walisimama kupumua. Ya tatu Vizma alikaa juu ya gogo lenyewe, akasema haendi tena, liishie hapo hapo.

"Haliishii hapo. Hapo ni kwenye choo."

"Niache kidogo."

Skaidrīte akamwacha. Akasimama naye mvuani, dubu mkubwa amejishika kiuno, mpaka Vizma mwenyewe akaishika ncha ya kamba.

Mwaloni haukubishana na moto. Ulishika kwa mlio, mafundo yakaondoka moja baada ya jingine na harufu ya manyoya yaliyoungua. Vizma akarudi kitini na bakuli lake.

"Benchi nalifunga leo," akasema.

"Funga mdomo, ule. Nipe neno la siri. Kuanzia leo nitajibu mie. Wewe utakuwa unakuja kukaa kama watu wengine."

"Wewe unaandika kwa vidole viwili."

"Watasubiri. Hawaendi popote, wamo ndani, mvua inanyesha."

Vizma akamwambia neno la siri bila kubisha, na kutobisha huko kulimshangaza mwenyewe. Skaidrīte akawasha kompyuta, akainama, akaanza kudonoa herufi kama kuku. Ilimchukua muda, na ilitoka hivi: "Picha ni ya mwaka jana. Ēvalds alifariki baridi ilipoisha. Gogo la mwaka huu linaungua sasa hivi, la kweli, na mafundo yenu yote. Vizma amechoka. Msimuulize kitu leo. Mimi dubu."

Wa kwanza kuandika akawa Biruta: "Nileteeni jina la makaburi nikawashe mshumaa." Kisha Aivars, ambaye hakuwahi kuandika neno bila mzaha: "Kile kijiko nilikuwa nakisubiri, kwa kweli."

"Sikia huyu anachosema," Skaidrīte akageuka.

Vizma alikuwa amelala. Mdomo wazi, sharubu za masizi, bakuli mapajani. Njegere zilikuwa zimebaki nusu, na kila njegere inayobaki jioni hiyo ni chozi la mwaka ujao, hilo nalo kila mtu analijua. Skaidrīte akamwangalia. Akalichomoa bakuli polepole, akakaa kando ya moto na manyoya yake yote, akala njegere za mwenzake mpaka ya mwisho, zimeungua, zimepoa, hazina chumvi.