Busu Imekwama Saiba

Ijumaa niliingia saiba moja ya kompyuta huko Mogogosiek, nikapata dem mwandishi anasomea mama wa kutaipu riwaya yake ya mapenzi. Mchapishaji alikuwa anaitaka kabla ya jioni. Kufika kwa busu, kijana na mpenzi wake wakiwa ndani ya shamba ya chai, mama akatoa mikono kwa kibodi.

"Huyu kijana ni wa ukoo gani?"

"Mama, si ni hadithi tu!"

"Na wakiwa ndugu? Mimi sitaipu dhambi, msichana yangu."

Dem akaangalia saa, akapanguza jasho, akampatia kijana ukoo ingine, tena ya mbali na ya mpenzi wake.

Watu hudhani riwaya ya mapenzi ni maua na maneno tamu. Huku kwetu ukoo moja haioani, hata kwa kitabu.

Mama akarudisha vidole. "Haya, sasa wabusiane. Na wasiharakishe."