Mnyoo wa Samaki Wake

Mwalimu wa biolojia alisema kila mmoja wetu kwenye klabu achague samaki jike kutoka kwa wale tuliovua mtoni kwa neti ya mbu, amweke ndooni na dume mmoja, na yule ambaye samaki wake atataga ndiye ataenda Thika kwenye maonyesho ya sayansi. Mimi sijawahi kutumwa popote na shule. Niliitaka hiyo nafasi mpaka nikakosa hamu ya kula.

Msichana tunayekaa naye dawati moja alichagua kwanza, maana yeye huchagua kwanza kila kitu. Anatoka mtaa wa Kahawa Sukari na ana sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Mimi natoka Mwihoko, na nikiulizwa swali darasani shingo yote inashika moto. Akachukua samaki mwenye tumbo kubwa kuliko wote. Mimi nikabaki na mwembamba.

"Wangu ana mapacha," akasema. "Huyo wako naye? Anafunga na kuomba?"

Wote wakacheka.

Kila mapumziko watu walijazana maabara kuangalia ndoo yake. Hata mpishi alikuja. "Ngai, huyu hafiki jioni!" Ndoo yangu ilikuwa hapo hapo kando, na walikuwa wanaweka vikombe vyao vya uji juu ya kifuniko chake.

Jumanne moja, wangu akataga. Mayai madogo kuliko punje za sukari, yamenata kwenye majani niliyoweka ndooni. Nikawahamisha jike na dume wake haraka, kwa sababu hawa samaki hula mayai yao wenyewe. Nilimwambia mwalimu kwa sauti ndogo, akasema, "Vizuri sana." Jioni hiyo nilipiga sketi pasi ya kwenda Thika.

Kesho yake samaki wa mwenzangu alipatikana ameelea. Mwalimu akampasua mbele yetu. Hakuwa na yai hata moja. Tumboni alikuwa na mnyoo mweupe, bapa, aliyejikunja kama tambi. Alipokunjuliwa alikuwa mrefu kuliko samaki mwenyewe, na bado alikuwa anasonga.

"Woiye," mtu akasema nyuma yangu. "Kumbe hao ndio mapacha?"

Nilicheka kwa sauti. Mimi, ambaye sicheki.

Lakini mwalimu hakucheka. Macho yalikuwa yanamng'aa. Akatueleza kwamba ndege wa majini ndio huangusha mayai ya mnyoo mtoni na kinyesi chao. Yakianguliwa, vidudu vidogo sana vya majini huwala hao watoto wa mnyoo, samaki naye hula vidudu, kisha mnyoo anakulia tumboni mwa samaki. Humo anamzuia kukomaza mayai, chakula chote kinamwendea yeye. Siku ndege akimla huyo samaki, mnyoo anataga ndani ya ndege, na mambo yanaanza upya.

"Samaki aliyetaga, kila shule itakuja naye," akasema. "Mradi wetu ni huyu."

Hivyo tu. Mwenzangu akapewa Thika, na mnyoo akawekwa kwenye chupa ya spiriti. Niliiangalia ile chupa nikatamani, kwa kweli kabisa, kwamba samaki wangu angekuwa mgonjwa.

Tukirudi darasani akanigusa bega. "Si uje pia? Tuweke mayai yako kando ya mnyoo wangu, watu waone tofauti."

"Mwalimu amekubali?"

"Amesema ni wewe tu uamue."

Eti "mnyoo wangu". Alivyolisema hilo neno, ungedhani amemlea. Nikamwambia mayai yakitikiswa yataharibika. Sijui kama ni kweli. Nilitaka kwenda Thika, lakini si kusimama kando ya chupa yake.

Ijumaa, mwalimu na mwenzangu wakiwa wameshaondoka kwenda Thika, mayai yakaanguliwa. Nilikuwa peke yangu maabara. Vitu vyembamba kama kope, vina macho, vinaruka-ruka majini. Nilifurahi sana, labda kwa dakika chache. Halafu nikaanza kuwaza majaji wanamuuliza nini huko, na kama anajibu vizuri. Nilitumaini hajibu vizuri.