Hadi Daktari Aliponiandikia Kupumzika

Nilikuwa naamka taya linauma, kama mtu aliyetafuna mawe usiku kucha. Daktari wa meno akasema nasaga meno usingizini.

"Una mawazo mengi, mwalimu. Tafuta namna ya kupumzika."

Nilitoka pale nimekasirika. Ningepumzika saa ngapi? Shuleni watoto wa darasa langu walikuwa wamebanana kwenye madawati mpaka wa pembeni anakaa nusu. Nyumbani, mtaa wa Kwa Mrombo, kulikuwa na mume, wanangu wawili, na mama mkwe aliyehamia kwetu kutoka Kilimanjaro baada ya kufiwa. Akiniona nimekaa tu, ananitafutia kazi.

Mwalimu mwenzangu akanipeleka kwenye yoga, Jumamosi, ukumbini Ngarenaro. Aliyefundisha alikuwa mama mzee wa Kihindi, mzaliwa wa hapa hapa Arusha. Nilivaa raba, nikabeba taulo, nikijua nitatoka jasho. Akanilaza chali, mto mrefu chini ya mgongo, blanketi chini ya magoti, kitambaa machoni.

"Sasa nifanye nini, mama?"

"Usifanye kitu."

Nje, fundi wa mageti alikuwa anakata chuma. Nikawaza sare ambazo sijafua, madaftari ambayo sijasahihisha. Kadiri nilivyojilazimisha kutulia ndivyo nilivyozidi kupandwa na hasira, hadi nikasema kwa sauti, "Mimi hii siwezi!"

Yule mama akaja, akaniwekea mkono begani. Kumbe bega lilikuwa limepanda karibu na sikio na mimi sina habari.

"Hili nalo liache lilale."

Likashuka. Machozi yakanitoka. Niliona aibu: mtu mzima, nafundishwa kujilaza!

Lakini usiku ule nililala vizuri, na asubuhi taya lilikuwa jepesi. Nikaamua kujaribu nyumbani kila jioni, sakafuni chumbani, miguu juu ya kitanda. Siku ya kwanza mama mkwe akafungua mlango.

"Umeanguka?"

"Hapana, mama. Napumzika."

"Jioni hii? Na jikoni nani?"

Kesho yake mume wangu alikuja kuuliza chumvi iko wapi. Keshokutwa yake, watoto, wanagombania chaja. Mwishowe nikawaambia wote mezani, "Nimeambiwa na daktari."

Nyumba ikabadilika siku hiyo hiyo. Nikiwa nimelala sakafuni, nilimsikia mama mkwe akiwanyamazisha wajukuu: "Shhh! Mama yenu yuko kwenye dawa."

Pumzi ilishuka taratibu, shingo ikalegea, lakini moyoni nilikuwa nachemka. Miaka yote nimesema nimechoka, na hakuna aliyesikia. Ilibidi kwanza niwe mgonjwa.

Juzi mume wangu alinikuta natandika blanketi langu.

"Hiyo dawa utaitumia mpaka lini?" akauliza.

"Maisha yangu yote," nikamjibu. "Funga mlango, tafadhali. Na wali uko jikoni, haujaiva."