Okidi za Chungu cha Mama

Enzi za Mwingereza nilikuwa karani wa Bwana Misitu pale Njombe, na kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kukausha mimea ya kupelekwa kwenye mkusanyo wa serikali. Nilichuma, nikapanga katikati ya magazeti, nikabana kwa mbao mbili na mikanda, kisha kila asubuhi nikabadilisha magazeti. Majani ya kawaida hayakunisumbua. Zilizonitoa jasho ni okidi. Okidi, ua lile la porini, ina kiazi na shina nene. Unaibana wiki tatu na bado i hai, na kwa ukungu wetu ule mwisho wake ni kuoza. Fungu la kwanza lilioza lote. Bwana Misitu akaniambia kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha, kwamba nikiharibu la pili atatafuta mtu mwingine.

Nikaenda nyumbani Kifanya, nikachimba okidi sita za manjano, za mwisho msimu ule. Nikaziacha jikoni kwa mama, nikaenda kunawa matope. Kurudi, namkuta ameinamia chungu kinachochemka. Ameshika okidi kwa upande wa ua, anachovya shina na majani, ua liko nje. Alikuwa anazipitisha kwenye maji moto kama anavyofanya majani ya maboga kabla ya kuyaanika!

Nilifoka mpaka kuku wakakimbia. Nilimwambia mama yangu mzazi kwamba amenifukuzisha kazi. Hadi leo naona haya.

"Mwanangu, mboga usipoipitisha kwenye maji moto unaanika uozo," alisema, huku akichovya nyingine. "Na maua sijayagusa. Si ndiyo anayoyapenda Mzungu wako?"

Nikazifuta, nikazibana kwa hasira. Baada ya siku chache nikafungua: zimekauka, zimelala bapa, manjano yake yapo. Nilicheka peke yangu kama mwehu, kisha nikaenda kumwomba mama radhi.

Mama hakujua kusoma. Siku ile nikibandika vikaratasi, aliuliza vinasema nini. Vilisema jina la mahali, na jina langu kama mkusanyaji. Nikamsomea: "Imekaushwa na mama yake." Uongo ulinitoka wenyewe. Akafuta mikono kwenye nguo, akaniomba nisome tena. Nikamsomea vyote sita.

Kesho yake nilifika Makambako na furushi langu, nikalikuta lori la Iringa, la kulipeleka kwenye mkusanyo, linanguruma tayari. Nilipakia furushi, nikalishusha tena. Nikachuchumaa kando ya barabara, nikafungua mikanda yote niliyoikaza kwa goti, nikatoa penseli.

"Karani, umesahau nini tena?" dereva alifoka, mkono juu ya honi.

"Nimemsahau mama," nilisema.

Akaondoa mkono kwenye honi, akasubiri mpaka nikayaandika maneno yale mara sita.